Sura ya Dada Kwenye Kioo Kikubwa

Siku mama alipokwenda kwa paroko kuomba misa ya wafu kwa ajili ya dada yangu, dada yangu alikuwa hai, mzima, anapika na kufua huko Brazil, kwenye nyumba ya watawa shirika lake lilikomtuma. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya mama pale barazani kwa paroko, nikajifanya nafunga kilemba upya, maana sikujua niuweke wapi uso wangu. Paroko alinitazama mimi. Mimi nikatazama migomba.

Mambo yote yalianzia kwenye simu. Miaka ile soko huria lilikuwa limetumwagia kila kitu kwa mpigo: wanunuzi binafsi wa kahawa waliopanda na magari yao mpaka kwetu Maguu, mitumba, redio za kila sauti, na mwishowe minara ya simu juu ya vilima. Dada alikuwa akipiga Jumapili baada ya misa. Mama anaibana simu sikioni kwa mikono miwili, wanaongea Kimatengo chao kuhusu mvua, kahawa na nani kazaa. Kisha dada akafanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Alipona vizuri, ila sauti ilibaki chini, ina mikwaruzo, nzito kama ya mwanamume mwenye mafua. Jumapili aliyopiga kwa mara ya kwanza baada ya hospitali, mama alimsikiliza, akanirudishia simu.

"Huyu si mwanangu," alisema.

"Mama, ni yeye. Ni ile tezi."

"Ni mwenzake. Wamemfundisha cha kusema."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, kwa kuwa mama yangu ana utani wa kukaza uso. Kumbe sokoni Mbinga alikuwa amesikia habari za sista mmoja wa nchi hii aliyefia ughaibuni na kuzikwa hukohuko, ndugu zake wakaja kujua baadaye. Hakuuliza sista gani wala wa wapi. Aliunganisha habari ile na sauti ile, basi, akawa na msiba. Nilimwambia mtu wa Brazil angejulia wapi Kimatengo. Akaniuliza kama nimesahau yule padri Mzungu wa zamani aliyekuwa akihubiri kwa Kimatengo hadi vikongwe wanalia. Mpaka leo nikibishana na mama hufika mahali nikasahau mimi mwenyewe nilikuwa upande gani.

Tatizo lilikuwa macho yake pia. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na hospitali hataki kuisikia. Mwanga aliuona, rangi aliziona, kitu kinachotembea alikiona. Uso wa mtu mpaka uwe karibu kabisa. Ndiyo maana paroko, alipokataa kumsomea mtu aliye hai misa ya wafu, alitoa wazo la kompyuta yake ndogo ya kufunika. Misheni ilikuwa imefunga sahani kubwa ya setilaiti bustanini, na intaneti ilikuwa ikitoka kwenye kisanduku ofisini mwake na kuenea hewani bila waya. Siku ileile akatuwekea dada kwenye kioo. Picha ilikuwa ndogo, inakatika na kuganda, dada kafumba jicho moja mdomo wazi. Mama aliinama mpaka paji la uso likagusa mashine.

"Naona kitambaa cheupe," alisema. "Masista wote wana vitambaa vyeupe."

Akainuka, akamshukuru paroko, na njiani akaniambia kwamba kahawa ikishakauka na kuuzwa ataita watu wa Tingi na wa Kingerikiti, pombe itapikwa, matanga yatafanyika, paroko apende asipende. Niliogopa. Kwetu ukishamlilia mtu na kunyoa nywele umemtoa. Hata akirudi kwa miguu yake anarudi mgeni, na wapo watakaoogopa kumpa mkono. Dada alikuwa amebakiza miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuja likizo. Nilimwona kichwani mwangu akishuka kwenye gari hapo uwanjani na mabegi yake, na mama yetu anaingia ndani kufunga mlango.

Basi nikaikumbuka kompyuta ya marehemu mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa ziwani, kutoka jirani na Mbamba Bay, akafanya kazi ya ukarani Mbinga katika chama cha wakulima wa kahawa. Wanunuzi binafsi walipokuja chama kikanywea, watu wakapunguzwa, na yeye siku ya kuagwa akapewa kompyuta iliyokuwa mezani pake. Skrini yake ilikuwa na kisogo kirefu, ukiibeba huoni unapokwenda, lakini kioo kilikuwa kipana. Aliiweka katika chumba chetu cha kuhifadhia kahawa, chumba pekee kisichovuja, na panya wakatafuna nyaya wiki hiyohiyo. Ndipo akatengeneza kibanda. Alichukua mbao na wavu wa waya wa kuanikia kahawa, ule wenye matundu madogo ambayo punje haiwezi kupita, akakiwamba pande zote, juu, chini na mlangoni, akaacha kitundu cha kupitishia nyaya. Kile kisanduku cha kompyuta, chenye akili yote, kikakaa humo ndani. Skrini ilikaa nje, kando yake juu ya meza, kwa sababu haikuenea, na panya hawali kioo.

Wavu huo ulikuwa wa mama. Ulikuwa mpya, ameununua kwa ajili ya kichanja chake. Mume wangu aliuchukua akiamini ni wa kwangu, na mama asingeweza kumdai. Mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani usoni, seuze kudaiana wavu. Alipita pembeni, akaanika kahawa yake kwenye mikeka, na hata mume wangu alipofariki hakuutaja. Mimi niliusahau kabisa. Nilikiona kile kibanda kila siku na sikuona wavu wa mama, niliona kazi ya mikono ya mume wangu.

Nilimpigia shemeji yangu, mdogo wake marehemu, fundi redio kule ziwani. Alipanda na basi akiwa na mfuko wa dagaa mkono mmoja na mkoba wa bisibisi mkono wa pili. Njiani alikuwa amepita Mbinga mjini kununua kidude cha kunasia intaneti, kidogo kama kidole gumba, cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, pamoja na diski yake.

"Shemeji," alisema akiitazama mashine, "hii na wewe nani mkubwa?"

"Ifanye iamke kwanza, matusi baadaye."

Iliamka. Jenereta ya misheni ilikuwa ikitupa umeme sisi majirani kuanzia jua linapozama mpaka mapadri wamalize chakula cha jioni, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya mbiombio. Kompyuta iliguna, ikapiga miluzi, ikaonyesha rangi ya samawati. Shemeji akaitia diski. Kompyuta ikauliza kitu kwa Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kiingereza ninafundisha, na maneno yote niliyafahamu moja moja. Yakikaa pamoja sikujua yanataka nini. Ilikuwa ikiuliza kama nina uhakika. Uhakika wa nini? Nilibonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Nikaanza kuhisi inaniona.

Jioni ya pili ilikubali kwamba kile kidude kipo. Taa ndogo ya kijani ikawaka kule nyuma, ndani ya kibanda, tukashangilia, mama akaja kuuliza nani kaolewa. Halafu pembeni mwa kioo kikatokea kipicha kidogo chenye alama nyekundu ya kosa, na maneno yaliyosema kwamba hakuna mtandao wowote karibu.

Hakuna mtandao? Sahani ya misheni nilikuwa naiona kwa dirisha hilohilo. Kati yangu na ofisi ya paroko kulikuwa na ua wa migomba na kamba ya kuanikia nguo.

Shemeji alisema ni kawaida, mawimbi yana tabia zake. Kwao ziwani redio ya Malawi huipati mpaka uigeuzie majini. Basi tukageuza. Tulibeba meza, kibanda, skrini na nyaya zake, tukaelekeza kisogo cha kompyuta upande wa ziwa, ambalo kutoka Maguu liko nyuma ya milima na huwezi hata kulinusa. Alama nyekundu haikutoka. Tukageuza upande wa Mbinga. Tukageuza upande wa sahani yenyewe. Shemeji akapanda juu ya gunia la kahawa akashika bati la paa kwa mkono mmoja na kibanda kwa mkono mwingine, akaniambia nitazame kioo. Nilitazama. Nikamwambia kinachoonekana ni shemeji aliyeshika bati.

Paroko aliposikia akaja na kompyuta yake ndogo. Aliiweka juu ya meza ileile, kando ya kibanda, akaifungua. Mtandao ulikuwepo, tena umejaa. Akaifunga, akaifungua tena, akakaa kitini pangu, akasimama. Yake inaona, yangu haioni, na zote ziko chumba kimoja zinavuta hewa moja. Tulibaki watatu, mwalimu, padri na fundi, tunakichungulia kile kibanda kwa zamu.

"Labda ni uzee," alisema paroko.

"Wa mashine?" nikauliza kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka.

Shemeji alitoa kidude akakifuta kwa shati, akakirudisha. Akaipangusa diski, akaitia upya. Alizima, akawasha. Siku nyingine mtandao ulijitokeza ghafla alipofungua mlango wa kibanda kuchungulia taa, kijistari kimoja chembamba, na alipofunga mlango asije panya ukapotea. Akafungua tena, haukurudi. Tukahitimisha kwamba ni upepo. Nasema tukahitimisha, ukweli ni kwamba nilisema mimi, na shemeji akaafiki kwa sababu alikuwa amechoka kunipinga. Usiku nililala nikiwaza kitu gani hicho kinachopita ukutani, kinapita kwenye migomba, kinapita ndani ya miili yetu sisi tumekaa, kikifika kwenye kompyuta ya mume wangu kinagoma. Niliona kama naonewa.

Wakati huo mama alikuwa na shughuli zake. Kahawa ilikuwa imeiva kwa wingi mwaka ule kwenye miteremko yote, na wanunuzi walikuwa wakichagua: iliyoanikwa chini, yenye vumbi na harufu ya mkeka, waliisukuma pembeni. Mama alitaka ya kwake iende yote. Alitaka pombe ya matanga iwe ya kutosha na watu wa Kingerikiti wasirudi wakisema walilia kwa koo kavu. Mikeka yake ilikuwa imeoza. Akaanza kupitapita kwenye chumba cha kahawa, anapapasa ukuta, anapapasa magunia, anapapasa kibanda, anatoka bila kusema. Nilidhani anamkumbuka mkwewe.

Siku moja nikarudi kutoka shuleni, nikaingia chumbani, na kibanda hakipo. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwa mpangilio mzuri. Kisanduku cha kompyuta kilikuwa kimekaa juu ya meza, kimefunikwa kanga tu. Nje mama alikuwa kwenye kichanja chake, koleo la shemeji mfukoni, anasambaza kahawa mbichi kwa viganja juu ya wavu wa waya uliokazwa vizuri, unang'aa kwa jua.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimechukua wavu wangu."

"Panya watakula nyaya zote. Ile kazi aliifanya marehemu."

"Marehemu nilimheshimu miaka yote," alisema bila kugeuka. "Sasa nina msiba wa mtoto wangu. Aibu nimeimaliza."

Nilikuwa na hasira ya wavu, ya panya, ya mume wangu aliyekufa na kuniachia mashine inayouliza kama nina uhakika, na zaidi ya mama kutumia wavu uleule kuanikia kahawa ya kumzika dada. Nilimwambia shemeji afungashe arudi kwao, tumeshindwa. Akasema atakwenda asubuhi, ila jenereta ikiwaka aiage mashine.

Ilipowaka, kipicha cha pembeni hakikuwa na alama nyekundu. Kilikuwa na vijistari, vyote, vya kijani.

Hatukuigusa. Nakumbuka tuliogopa kuigusa. Shemeji alisema ni kwa sababu ya lile bati alilolishika juzi. Mimi nilisema ni novena, zile sala zangu za siku tisa. Alikwenda mbio kumwita paroko, paroko akaja, akatia neno la siri, ikakubali. Akauliza tumebadilisha nini. Tukasema hakuna, mama kachukua tu wavu wake. Paroko akatoka nje, akashika ukingo wa kile kichanja, akakaza macho kwenye yale matundu madogo, akacheka peke yake katika gizagiza lile. Alitueleza kwamba mawimbi yale hushindwa kupenya wavu wa chuma wenye matundu ya namna hiyo, kwamba tulikuwa tumeifungia kompyuta kwenye kizimba na kuilaumu kwamba haioni nje. Nilimwuliza mbona wavu una matundu, mbona hewa inapita. Alinieleza tena. Nilisema nimeelewa. Sikuelewa, na hata leo sina hakika.

Kamera ilikuwa ya paroko, tuliibandika juu ya skrini kwa ubani wa kutafuna wa shemeji. Kule Brazil ilikuwa mchana wao wa chakula. Dada alitokea kwenye kile kioo kipana, kichwa chake kikubwa karibu sawa na cha mtu. Nilianza kulia papo hapo. Ana kovu jekundu shingoni, amekonda, na meno yake ya mbele yamepandana vilevile. Nilimwona dada yangu.

Nikamkalisha mama mbele. Shemeji akapunguza taa ya chumba. Dada akamwamkia kwa sauti ile mbovu ya mikwaruzo, na mama hakuitika. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea.

"Naona kitambaa cheupe," alisema.

"Mama, mtazame meno," nilisema.

"Meno siyaoni."

Kule upande wa pili dada alikuwa amesikia. Nilikuwa sijamwambia habari za matanga, nilimwambia tu kwamba mama haamini simu. Aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, kuna nini. Nikamwambia. Sikupata njia nyingine ya kusema. Nikasema mama anakulilia, kahawa ikikauka anaita watu. Dada aliweka mkono mdomoni. Nilisikia jenereta ikianza kukohoa, kama ifanyavyo mafuta yakikaribia kwisha.

Mama ndiye aliyezungumza. "Kama ni yeye," alisema, "asonge ugali."

Paroko alifikiri hakusikia vizuri. Mimi nilisikia. Dada alisimama, akatoka kwenye kioo, tukabaki tunatazama kiti na ukuta wa Brazil. Alikawia mpaka shemeji akasema laini imekatika. Kisha akarudi, sufuria kubwa kifuani, mwiko umetoka juu yake. Akasogeza kiti nyuma, akaweka sufuria sakafuni mahali ambapo kamera ingemwona, akaibana kwa miguu miwili kama tulivyokuwa tukifanya jikoni kwa mama, akainama. Sufuria ilikuwa tupu. Akaanza kusonga hewa.

Mama aliona kitu cheupe kinapanda na kushuka, kinasukuma na kuvuta, kiwiko kimeinuka juu kama bawa. Pua yake iligusa kioo. Dada alisonga, alisonga, kitambaa kikamteremka kichwani hakukijali, na jasho au machozi yalikuwa yakimtiririka, sikuweza kutofautisha.

Mama akainua mkono, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole mara moja, kwa hasira, mahali ulipokuwa mwiko.

"Mkono wa kulia, wewe mtoto," alisema kwa Kimatengo. "Nimekwambia mara ngapi."

Dada akahamishia mwiko mkono wa kulia, akaendelea kusonga, vibaya, kama zamani.